Kuchagua plau la trekta dogo kwa mashamba ya Tanga

Plau huvutwa na uzito wa trekta. Injini ya hosipawa 24 inaweza kuzungusha magurudumu kutwa nzima, lakini trekta lenyewe likiwa na kilo 900 tu na plau likawa pana kuliko uwezo wake, magurudumu yatazunguka papo hapo, yatachimba vishimo viwili, na plau litabaki pale lilipozama. Mkulima aliyenunua kwa kuhesabu hosipawa peke yake huishia kulima sentimita 8 huku akidhani trekta ni bovu. Trekta halina kosa. Plau silo lake.

Mwongozo huu ni wa matrekta ya hosipawa 18 hadi 35, yenye uzito wa kilo 700 hadi 1,500. Mifano tumeitoa Mkoa wa Tanga kwa sababu mkoa huu una karibu kila aina ya ardhi inayomsumbua mwenye trekta dogo: kichanga cha Pangani na Mkinga, udongo mwekundu wa Muheza na Handeni, mfinyanzi mweusi wa mabonde ya Korogwe, na mashamba ya zamani ya mkonge ambayo visiki vyake vimefichwa na majani. Miteremko mikali ya Lushoto tunaiacha kabisa. Trekta dogo lenye plau nyuma hupinduka upesi kwenye mteremko, na ardhi ile inataka jembe la mkono na makinga maji.

Jua udongo wako kabla ya kwenda dukani

Chimba shimo la sentimita 30 sehemu tatu za shamba: juu, katikati na bondeni. Usichimbe karibu na njia ya ng'ombe wala pembezoni, kwani huko udongo umeshindiliwa na utakudanganya. Toa udongo wa kina cha sentimita 15, uloweshe kidogo, uviringishe viganjani mpaka uwe kamba nyembamba kama kalamu. Ukikataa kuwa kamba, ni kichanga. Ukiwa kamba lakini ukakatika ukiupinda, ni tifutifu. Ukipinda mpaka kuwa pete bila kupasuka, ni mfinyanzi.

Ukiwa bado shimoni, pitisha ncha ya kisu ukutani kutoka juu kwenda chini. Kwenye shamba lililolimwa miaka mingi kwa kina kile kile, kisu huingia laini, kisha ghafla hukwama kwenye sentimita 12 hadi 18, halafu huwa laini tena. Hilo ndilo tabaka gumu. Andika kina chake, maana plau utakalochagua lazima liweze kufika sentimita mbili tatu chini yake. Likishindwa, kila msimu utakuwa unalisugua tu na kuliongezea ugumu. Mahindi hufikisha mizizi pale, huikunja pembeni, na jua la wiki mbili likipiga, hunyauka wakati chini kuna unyevu.

Hesabu pia vikwazo. Visiki vya mkonge, mizizi ya mikorosho na minazi, na kwenye ukanda wa bahari mawe ya matumbawe yanayojificha chini ya kichanga. Kama katika hatua 100 za kuchoma ardhi kwa fimbo ya chuma umegonga kitu kigumu mara tatu au zaidi, jambo hilo litaamua aina ya plau kuliko udongo wenyewe.

Hesabu ya mvuto

Hapa ndipo pesa huokolewa au hupotea, kwa hiyo chukua kalamu.

Kila sentimita ya mraba ya udongo inayokatwa na plau inadai mvuto wake. Kwa makadirio yanayotosha kununulia, kichanga hudai gramu 300, tifutifu na udongo mwekundu gramu 500 hadi 600, na mfinyanzi kilo 1 au zaidi. Zidisha upana wa plau kwa kina, kisha zidisha kwa mvuto huo.

Upande wa pili ni uwezo wa trekta. Juu ya ardhi imara, trekta linalovuta kwa magurudumu yote manne hutoa mvuto wa takriban asilimia 40 ya uzito wake wote. Linalovuta kwa ya nyuma peke yake hutoa karibu asilimia 30. Toa robo ya akiba, kwa sababu shamba si barabara: kuna mizizi, kuna kipande kilichokauka, kuna kimlima.

Tuchukue mfano. Trekta la kilo 900 linalovuta kwa yote manne, dereva kilo 70, maji ndani ya matairi ya nyuma kilo 200. Jumla kilo 1,170. Asilimia 40 yake ni kilo 468, na ukitoa robo unabaki na kama kilo 350.

Sasa plau la mfereji mmoja wenye upana wa sentimita 30, yaani inchi 12, kwa kina cha sentimita 20. Eneo ni sentimita za mraba 600. Kwenye udongo mwekundu wa Handeni hiyo ni kilo 330, na trekta litaliweza. Kwenye mfinyanzi wa bondeni ni kilo 600, na hapo trekta limekwama. Mfinyanzi huo huo ukilimwa kwa plau la sentimita 25 na kina cha sentimita 13 unadai kilo 325, na kazi inaenda. Plau la mifereji miwili ya sentimita 25, kwa kina cha sentimita 18, linadai kilo 495 kwenye udongo mwekundu. Wauzaji wengi hulisifia hilo kwa hosipawa 24, na kweli injini inalimudu. Uzito ndio hautoshi.

Kwenye kichanga mifereji miwili hiyo, kwa kina cha sentimita 16, inadai kilo 240 tu. Usishangilie mapema, kwani kichanga kikavu hakishiki tairi vizuri na uwezo wa trekta lile lile hushuka. Hapo fanya hesabu kwa asilimia 30 badala ya 40. Bado litapita, ila kwa tofauti ndogo.

Kama hesabu inakosa kidogo, ongeza uzito kabla ya kubadili trekta. Tairi la nyuma la 11.2-24 likijazwa maji robo tatu hubeba takriban lita 100, yaani kilo 100 kila upande, kwa gharama ya maji na adapta ya valvu. Inua gurudumu kwa jeki, zungusha mpaka valvu iwe juu kabisa, jaza mpaka maji yafike usawa wa valvu, kisha malizia kwa upepo. Huku kwetu maji hayagandi, basi maji matupu yanatosha.

Muda nao uhesabu. Mfereji mmoja wa sentimita 30, kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa na kupoteza robo ya muda kwenye kugeuza, humaliza ekari moja kwa saa tatu na nusu hivi. Mifereji miwili ya sentimita 25 huchukua saa mbili na dakika chache. Mwenye ekari nne hana sababu ya kulihangaisha trekta kwa ajili ya tofauti hiyo. Anayelimia watu kwa malipo anayo, na huyo anunue trekta zito zaidi.

Bamba au diski

Plau la bamba ni ndugu mkubwa wa lile la ng'ombe: shea, yaani chuma kinachokata chini, bamba lililopinda linalogeuza udongo, na chuma cha ubavu kinachoteleza kwenye ukuta wa mfereji na kulizuia plau lisisukumwe pembeni. Huingia ardhini kwa kujivuta lenyewe, kwa sababu ncha ya shea imeinamishwa kidogo kwenda chini. Kwa hiyo halihitaji kuwa zito: la mfereji mmoja huwa kati ya kilo 60 na 110. Hilo ndilo linalolifanya lifae trekta dogo kuliko wengi wanavyodhani. Hufukia majani vizuri, nalo huacha sakafu safi ya mfereji. Udhaifu wake ni kikwazo. Likigonga kisiki kwa mwendo wa kilomita 5, kitu kitapinda, na usipokuwa na bolti ya kukatika, yaani bolti laini inayovunjika kwanza, kitakachopinda ni mhimili wa plau.

Plau la diski, lenye sahani za chuma zinazozunguka, huingia kwa uzito. Diski haijivuti, husukumwa chini na kilo zilizo juu yake, na kila diski hutaka takriban kilo 180 au zaidi ili iingie ardhi ngumu. Hapa ndipo mwenye trekta dogo hunaswa. Plau jepesi la diski mbili lenye kilo 200 lina kilo 100 tu kwa kila diski. Februari, ardhi ya Handeni ikiwa imekauka, diski hizo zitaparuza juu kama kijiko kwenye ukoko wa wali. Na ukinunua lenye uzito wa kutosha, trekta litainua pua. Lakini likikutana na kisiki au jiwe, diski huviringika juu yake na kuendelea, na kwenye mfinyanzi unaonata vikwangulio vyake huisafisha diski inapozunguka, wakati bamba lingekuwa limebeba tope zima.

Uamuzi wetu ni huu. Shamba lililosafishwa, tifutifu, udongo mwekundu au kichanga: nunua la bamba, mfereji mmoja wa sentimita 30, na la mifereji miwili ya 25 pale tu hesabu inaporuhusu. Shamba la zamani la mkonge, lenye mawe ya matumbawe, au lililofunguliwa kutoka kwenye mikorosho: la diski mbili zenye kipenyo cha sentimita 56 au 61, na ukubali kungoja mvua ilainishe ardhi. Diski tatu liachie trekta la hosipawa 50 kwenda juu. Bonde la mpunga lenye mfinyanzi mzito halitaki plau la trekta dogo hata kidogo. Huko rotaveta, yaani mashine ya visu vinavyozunguka, ya upana wa mita 1.2 hadi 1.3, inayozungushwa na shafti ya nyuma ya trekta kwa mizunguko 540 kwa dakika, hufanya kazi safi kwa hosipawa 25, kwa sababu haidai mvuto.

Na kama tatizo lako ni lile tabaka gumu peke yake, huenda huhitaji kugeuza udongo. Ripa ya jino moja, yaani chuma kirefu kinachopasua udongo bila kuugeuza, hupasua mstari wenye kina cha sentimita 20 hadi 25 mahali pa kupandia tu. Ipitishe ardhi ikiwa kavu, kwa sababu udongo mkavu hupasuka pembeni, na ule mbichi hukatwa tu kama sabuni.

Je, plau na trekta vinakaa pamoja?

Beba futi kamba na, kama unaweza, kipimo cha kupimia pini. Matrekta mengi ya ukubwa huu hutumia kategori 1, yaani kipimo cha viungo vya nyuma vya kufungia zana: pini za mikono ya chini zina milimita 22, ya toplinki, yaani mkono wa juu wa katikati, milimita 19, na umbali kati ya mikono miwili ya chini ni karibu sentimita 68. Plau lenye pini za milimita 28 limetengenezwa kwa kategori 2, kwa trekta kubwa. Usikubali kuambiwa kwamba fundi atakuchomelea bushi. Bushi zinafanyika, lakini plau lenyewe litakuwa zito na refu kupita trekta lako.

Pima upana wa tairi la nyuma. Tairi la kulia hupita ndani ya mfereji uliotangulia, na tairi la 11.2 lina sentimita 28. Kwenye mfereji wa sentimita 25 litapanda juu ya udongo uliokwisha kugeuzwa na kuushindilia. Tairi hilo linataka plau la sentimita 30 au 35. Tairi la 8.3, lenye sentimita 21, linatosha kwenye mfereji wa 25.

Uwezo wa kunyanyua unaoandikwa kwenye karatasi hupimwa kwenye ncha za mikono, na kitovu cha uzito wa plau kiko nyuma zaidi. Chukua plau lisilozidi nusu ya namba hiyo. Kisha jaribu: lifunge, linyanyue juu kabisa, endesha polepole kupanda mteremko mdogo na ugeuze usukani. Trekta likichelewa kuitika, mbele kumekuwa kwepesi. Angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta ibaki kwenye magurudumu ya mbele. Kilo 60 hadi 100 za vyuma mbele mara nyingi hurekebisha hali hiyo.

Uliza kama haidroliki ya trekta inajirekebisha kulingana na mvuto wa plau au inashika kimo tu. Mengi madogo hushika kimo tu. Kwa hayo, plau lisilo na gudumu la kina, yaani gurudumu dogo linaloshikilia kina cha kulima, litapanda na kushuka kila trekta linapopita tuta au shimo, kwa hiyo gudumu hilo lisikosekane.

Kukagua chuma

Kwenye plau la bamba, laza rula ndefu au ubao ulionyooka chini ya plau, kutoka ncha ya shea hadi kisigino cha chuma cha ubavu. Katikati pawe na mwanya wa milimita 3 hadi 5. Mwanya ukiwa umekwisha, shea imelika na plau halitaingia, hata ulikalie. Hapo bei ishuke kwa thamani ya shea mpya, au uache.

Kwenye diski, shika ukingo kwa mikono miwili, kushoto na kulia, na uitikise. Ikicheza, beringi zimekwisha. Izungushe na usikilize: mkwaruzo ni mchanga uliopita sili. Pima kipenyo. Diski ya sentimita 61 iliyobaki na 50 imemaliza kazi. Kagua pia mahali mkono wa diski unapoungana na fremu, na tundu la toplinki. Tundu lililokuwa duara likawa kama yai linasema plau limefanya kazi likiwa limelegea kwa misimu kadhaa. Rangi mpya juu ya mshono wa kuchomelea ikwangue kwa ufunguo uone chini yake kuna nini.

Kabla ya kulipa, uliza shea, bolti na beringi za plau hilo zinapatikana wapi. Kama jibu ni kuagiza, nunua akiba siku hiyo hiyo.

Kufunga na kulima mara ya kwanza

Rangi ya dukani iliyo juu ya bamba iondolewe yote. Udongo hunata kwenye rangi, na plau zuri litaonekana bovu. Lima mistari michache kwenye kichanga mpaka bamba ling'ae.

Weka trekta mahali pa sawa, kisha pandisha magurudumu ya kushoto juu ya mbao zenye unene sawa na kina unachotaka, tuseme sentimita 18. Hivyo ndivyo litakavyokaa shambani, la kulia likiwa mfereji. Shusha plau mpaka liguse chini, na kwa mkono wa kulia wa kunyanyulia urekebishe mpaka fremu iwe sawa kushoto na kulia. Kaza minyororo ya kuzuia kuyumba, ukiacha sentimita 2 hadi 3 za kucheza.

Usikimbilie shamba likiwa limelowa. Chukua udongo wa sentimita 15, ufinye kuwa donge, uuachie kutoka usawa wa kiuno. Ukivunjika vipande vidogo, lima. Ukibaki donge, ngoja siku mbili. Usiposhikana kabisa, ngoja mvua. Masika huanza Machi na vuli Oktoba, na dirisha la kulima vizuri ni siku chache tu baada ya mvua za kwanza, kwa hiyo marekebisho yote yamalizike kabla.

Mstari wa kwanza lima nusu ya kina, ukilenga mti au kijiti upande wa pili. Mstari wa pili tairi la kulia liingie mferejini na ushuke kina kamili. Baada ya hatua 20 simama, shuka, tazama sakafu ya mfereji. Kisigino cha chuma cha ubavu kiwe kimeacha alama nyepesi, kama kidole kilichopita kwenye unga. Alama nzito ina maana toplinki ni ndefu mno. Ifupishe nusu mzunguko. Kusipokuwa na alama yoyote, plau linasimamia ncha, irefushe.

Kisha pima kuspini, yaani magurudumu yanavyoteleza. Chora chaki ubavuni mwa tairi la nyuma. Endesha plau likiwa juu, hesabu mizunguko 10, pima umbali. Rudia ukiwa unalima. Kama bila mzigo ulikwenda mita 33 na kwa kulima mita 29, umepoteza mita 4, yaani asilimia 12, na hiyo ni nzuri. Ukizidi asilimia 15, punguza kina au ongeza uzito. Kufunga difu, yaani kuyalazimisha magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja, kutakutoa kwenye kipande kibaya, lakini si dawa ya plau lililo pana mno, na usigeuze kona difu likiwa limefungwa.

Plau la diski lisilotaka kuingia, fungua zaidi pembe ya diski kuelekea mwendo, ambayo kwa kawaida huwa nyuzi 42 hadi 45, kabla ya kufunga mawe juu ya fremu. Mtu asikae juu ya plau kuongeza uzito. Diski huviringika, na mguu ukiteleza haurudi mzima.

Trekta likivutwa pembeni muda wote, chunguza upana wa magurudumu kwanza. Kutoka ubavu wa ndani wa tairi la kulia hadi mahali shea ya kwanza inapokata pawe sawa na upana wa mfereji mmoja. Bolti ya kukatika ikikatika, weka ya aina ile ile. Bolti ngumu zaidi au nondo iliyokatwa itahamishia pigo kwenye mhimili.

Jioni, hasa mashamba ya karibu na bahari, futa udongo na upake bamba au diski mafuta machafu ya injini. Upepo wa chumvi wa Pangani huliotesha bamba kutu usiku mmoja, na kesho udongo utanata tena. Diski zipewe grisi kila baada ya saa 8 hadi 10 za kazi, mpaka grisi safi ichungulie kwenye sili. Kwenye kisanduku cha trekta kaa na shea moja ya akiba, bolti zake sita pamoja na nati, bolti za kukatika kumi, pini mbili za toplinki, na spana zinazozitosha zote hizo.